Fomu ya Mwajiri

Miaka kumi na minane nimeajiri kwa mdomo:
"Nitafutie kijana, msikivu, asiye na mkono mrefu."
Muuza mahamri akanitafutia. Jirani akanitafutia.
Shemeji akaniletea mwanawe, na mwanawe
akalijaza gesi jokofu la Mzee Famau
hadi bomba likapasuka usiku.
Kilo mia mbili za nguru.
Harufu ilifika Maweni kabla ya habari.

Ndipo nikapanda ngazi za ofisi ya ajira,
juu ya duka la vitambaa, hapa hapa Malindi,
mafuta ya kompresa yamo kuchani
na hasira ninayo ya kukopesha.

Karani ni Mbeyu. Hakuuliza namtaka mtoto wa nani.
Alisukuma karatasi mbele yangu:
Kazi yako ina hatua ngapi?
Ipi huwezi kumwachia mgeni?
Nikacheka. Kazi ni kutengeneza friji, mwanangu.
Akangoja.
Kalamu yake ilinishinda subira.

Kumbe sijui ninachokijua.
Hujua mtambo unapokohoa na unapoguna tu,
hujua kwa shavu
kama baridi ni ya kweli au ni danganya toto.
"Kwa shavu," Mbeyu akaandika. Hakutabasamu.
Akaandika tena: kusikiliza.
Adhuhuri ikatukuta na hatua ishirini na tatu,
na mbili kati yake
hatukuzipatia jina.

"Kuna chuo cha ufundi," akasema,
"kina karakana, kina walimu wa umeme,
kinachokosa ni friji mbovu. Wewe unazo ngapi?"
Ukuta mzima, nikamjibu. Zimepangwa kama wagonjwa.
Tukapatana: siku tatu chuoni, siku tatu kwangu,
na nusu ya posho itoke kwenye mfuko wao.
Mfuko ulichelewa, sitaupaka rangi.
Miezi miwili nililipa peke yangu,
nikazipanda zile ngazi kudai
mpaka nikazijua idadi: kumi na tisa.

Nyevu Charo alitoka Ganda kwa baiskeli ya kakake,
daftari kalifunga kwa mpira wa tairi.
Siku ya tatu akashika bisibisi,
ncha juu ya kompresa, mpini sikioni,
macho kayafumba.
Nani kakufundisha hivyo?
"Hatua ya tisa," akasema. "Si umeiandika wewe?"

Mkaguzi alipokuja kupanga mtihani
alitazama kuta zangu, akauliza kwa adabu:
"Na chako, mama, cheti chako kiko wapi?"
Nikaangalia sakafu niliyoimwagia saruji mwenyewe.
Mbeyu alikuwa ameshaandika majina mawili.

Tuliketi benchi moja, mwalimu na mwanagenzi.
Mimi naandika polepole, herufi zangu zina goti bovu;
yeye kazuia karatasi yake kwa kiwiko
nisichungulie.
Nilitaka kuchungulia. Swali la sita.

Cheti changu kina ukubwa wa kalenda.
Kimekaa juu ya birika, mvuke umeshakikunja pembe.

Mwezi wa kumi hoteli moja ya Watamu ikamwita Nyevu,
mshahara ambao mimi huuona kwa miezi mitatu.
Nikanuna siku mbili.
Ya tatu nikampa ile bisibisi,
mpini umelainishwa na masikio yetu.
Alisahau daftari. Au aliliacha.

Leo, ngazi kumi na tisa.
Mbeyu ananivutia kiti kabla sijasalimu.
Fomu ni ile ile, meza ni ile ile,
ila nimekuja na kalamu yangu,
na kwenye daftari la Nyevu, ukurasa wa mwisho,
nimekuta jina
la hatua moja kati ya zile mbili.